Uvimbe Hauko Bapa
Tangu seli za saratani ziitwazo HeLa zilipooteshwa katika maabara ya Baltimore, Marekani, mwaka 1951, dawa nyingi za saratani zimekuwa zikijaribiwa kwanza kwa seli zilizotandazwa tabaka moja kwenye sahani ya plastiki, ambako kila seli hupata oksijeni, lishe na dawa kwa kiasi kilekile, hali isiyokuwapo ndani ya uvimbe halisi. Sferoidi, yaani madonge madogo ya seli zilizoachwa zishikamane zenyewe hadi kuwa na umbo la tufe, huukaribia zaidi uhalisi huo: kipenyo kinapozidi takriban nusu milimita, donge huwa na seli zinazogawanyika pembezoni, zilizolala bila kugawanyika ndani zaidi, na zilizokufa katika kiini kwa kukosa oksijeni. Kwa kuwa dawa nyingi hulenga seli zinazogawanyika, zilizolala hunusurika, na hiyo ni sababu mojawapo ya dawa iliyofana kwenye sahani kushindwa mwilini. Oganoidi za saratani, yaani madonge ya seli yanayooteshwa kutokana na kipande cha uvimbe wa mgonjwa mwenyewe, husogeza kipimo karibu naye zaidi. Hata hivyo, kwa kawaida hazina mishipa ya damu wala seli za kinga, hivyo thamani yake si kuchukua nafasi ya majaribio kwa binadamu, bali ni kuchuja mapema dawa zisizostahili kumfikia mgonjwa.