Mgonjwa aelezwe kabla ya kutolewa kizazi

NDUGU MHARIRI,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugonjwa ambao akina mama wengi wanao bila kuujua jina. Madaktari wanauita adenomiosisi. Ngozi laini inayofunika mji wa mimba kwa ndani, ile inayotoka pamoja na damu ya kila mwezi, huota ndani ya nyama ya mji wenyewe. Mji huvimba, damu hutoka kwa wingi, na maumivu humlaza mtu kitandani. Vijijini husemwa amerogwa.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, akina mama huniletea karatasi zao za hospitali niwasomee. Mwaka 2023 alikuja mmoja wa miaka 31, mwenye mtoto mmoja na hamu ya wa pili. Alikuwa amepewa karatasi ya Kiingereza atie sahihi, naye alielewa kwamba anakwenda kusafishwa. Nilipoisoma nikakuta ni kutolewa kizazi chote! Alirudi kuuliza, akabadilishiwa matibabu. Mtoto wa pili hajampata hadi leo, lakini kizazi anacho.

Sipingi kutoa kizazi. Mama aliyekwisha kupata watoto wake, anayeishiwa damu kila mwezi, huponea hapo. Lakini anayetaka kuzaa ana haki ya kuambiwa njia nyingine. Kitanzi chenye homoni hupunguza damu na maumivu. Akiwa nacho asitarajie mimba, kikitolewa anaweza kuipata. Sindano za majira nazo huwasaidia baadhi, ila akiziacha uzazi huweza kuchelewa kurudi, pengine karibu mwaka mzima. Wapo pia madaktari bingwa wanaokata sehemu yenye ugonjwa tu na kuuacha mji. Huo ni upasuaji mgumu, na mama akishika mimba baadaye asithubutu kujifungulia nyumbani wala kwenye zahanati, maana mji waweza kupasuka penye kovu. Hakuna tiba hata moja kati ya hizi inayomhakikishia mtu mtoto, na umri ukisogea nafasi hupungua. Hata hivyo, wako wenye ugonjwa huu wanaozaa bila tiba yoyote. (Na waume wanaokimbilia talaka wangepimwa kwanza wao wenyewe.)

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni kwamba kila hospitali iwe na karatasi ya ridhaa ya Kiswahili, na juu yake daktari ajaze jibu la swali moja: je, mama huyu bado anataka kuzaa? Asipoulizwa, mama wa kijijini hatasema. Anaona haya, tena anamwogopa daktari.

Mwalimu wa Kijijini,
Biharamulo.