Gunia la soya si mbegu

Msimu uliopita nilinunua soya sokoni hapa Chienge, nikaivusha hadi Pweto kuipanda katika shamba la shule. Muuzaji aliniapia kuwa ni mbegu. Iliota nusu, na hiyo iliyoota haikukomaa pamoja: mingine ilikuwa imekauka na kupasua maganda huku mingine bado mibichi. Wanafunzi waliokota punje chini kama kuku.

Sisi tuliosomea ukimbizini, kambi za Kala na Mwange, tunalijua somo la mahindi chotara. Ukirudia kupanda ulichovuna, mavuno yanaporomoka, kwa sababu sifa za wazazi hugawanyika upya katika kila mmea. Wengi hudhani soya nayo ni hivyo hivyo. Sivyo. Ua la soya hujichavusha lenyewe, mara nyingi kabla halijafunguka. Kuchanganyika na jirani kwa kawaida hakufiki asilimia 1. Aina iliyo safi huzaa inayofanana nayo mwaka hata mwaka.

Chukua Magoye, aina iliyotolewa Zambia mwaka 1981. Soya nyingi hutaka kupakwa bakteria maalumu ili mizizi ifanye vinundu vya kunasa naitrojeni ya hewani. Magoye huelewana na bakteria waliomo tayari katika udongo wetu. Sifa hiyo hurithiwa. Ndiyo maana watafiti wa IITA, Ibadan, Nigeria, tangu miaka ya 1970 walizipandisha soya za Asia zenye tabia hiyo na za Marekani zenye mavuno makubwa, wakachagua kizazi baada ya kizazi hadi sifa zikatulia.

Basi kosa la shamba letu halikuwa la urithi. Gunia lilikuwa na aina tatu au nne, tena za siku nyingi, na soya hupoteza uotaji upesi kuliko mahindi, hasa kwa joto hili la ziwani.

Kanuni za mbegu za COMESA za mwaka 2014 zinaruhusu aina iliyosajiliwa katika nchi mbili kuuzwa kwa wanachama wote, Zambia na Kongo zikiwemo. Lakini zinamfaa mwenye kampuni na lori, si mama mwenye magunia mawili juu ya baiskeli. Huyo, pamoja nasi wateja wake, ndiye anayelisha mashamba ya mpakani. Akitenga aina kwa aina, akataja na mwaka wa mavuno, mimi niko tayari kumwongezea bei.

Safari hii nililoweka punje 100 katika kitambaa kabla ya kulipa. Ziliota 83.