Rubani alisifiwa, na aliyeshika ramani je?

Bando ikiisha kabla ufike, wengi wetu hatujui tena kushoto ni wapi. Sasa mwazie Terry Taerum, kijana wa shamba kutoka Alberta, Kanada: usiku, juu ya Ujerumani, ndege inapaa chini karibu iguse miti, naye ameinamia ramani na penseli akihesabu dakika.

Hiyo ilikuwa Mei 1943. Ndege 19 za Uingereza zilitumwa kubomoa mabwawa ya Ujerumani, na Terry ndiye alimwonyesha njia kiongozi wao, rubani Guy Gibson. Kwenye Bwawa la Möhne bomu lilifaa kuachiliwa futi 60 juu ya maji. Taa mbili zilimulika chini. Rubani akiangalia mbele, Terry alichungulia akimwambia ashuke, ashuke, hadi miale ikakutana.

Gibson akapewa Msalaba wa Victoria na jina. Terry alipata nishani ya chini, na leo ukimtaja, watu wanakuuliza, nani? Mimi naona hiyo si haki hata kidogo. (Na tusifanye hii sinema: mafuriko yaliua zaidi ya watu 1,000, wengi wakiwa wafanyakazi wa kulazimishwa.)

Septemba, Gibson alikuwa ziarani Kanada, akakutana na mamake Terry mjini Calgary. Siku chache baadaye Terry, akiwa na rubani mwingine, alitunguliwa wakienda kushambulia mfereji wa Dortmund-Ems. Wote wanane ndani walikufa. Alikuwa na miaka 23. Mwaka wa 1945 vita vikamchukua pia mdogo wake, Lorne.