Makanga hakuua kadi ya matatu

Wasee, tuongee ukweli kidogo. Kila mradi wa teknolojia ukianguka hapa kwetu, kuna mtu wa tai atasimama aseme, "Wananchi hawakuwa tayari." Hiyo lugha imenichosha.

Mnakumbuka BebaPay? Kadi ya Google na Equity Bank, ilitoka 2013. Unaweka pesa kwa kadi, unaigusisha kwa simu ya makanga, nauli imeisha. Serikali nayo ikaingia: kuanzia Julai 2014 matatu ziache keshi. Tarehe ikafika, ikasogezwa, na keshi ikaendelea. 2015 BebaPay ikafungwa. Yaani Google, benki kubwa na serikali walikuwa upande mmoja, na bado wakashindwa na noti ya hamsini.

Si ati kadi ilikuwa mbovu. Panda 46 ya Kawangware asubuhi, halafu upige hesabu. Dere na makanga lazima wafikishe pesa ya tajiri, waweke mafuta, walipe watu wa steji, na huko mbele kuna karao. Hizo zote ni keshi, na ni leo leo. Kinachobaki ndicho wanachopeleka nyumbani. Sasa unawaletea kadi inayopeleka kila shilingi kwa akaunti, tajiri aione. Tajiri anafurahi. Makanga ameambiwa atoboe mfuko wake mwenyewe. Abiria wa Kibera naye amezoea kuelewana: "Boss, niko na ishirini pekee, nibebe." Kadi haijui kuelewana.

Kwa hivyo makanga akikuambia "mashine imezima," usimwite mshamba. Amepiga hesabu.

Utaniambia kadi ingemaliza hongo. Labda. Lakini huwezi kupigana na hongo kwa kumwachia makanga bili yake.

Sasa angalia M-Pesa. Majaribio ya 2005 yalikuwa ya watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye mradi wangeweza kusema "mnatumia vibaya." Badala yake waliwafuata, na 2007 ikatoka kama njia ya kutuma pesa. Mama mboga wa Gatwekera hakuhitaji semina hotelini ndio aielewe. Hata leo ukilipa nauli kwa simu, mara nyingi inaenda kwa namba ya makanga mwenyewe. Huyo jamaa hakuwahi kukataa teknolojia. Alikataa kuachwa nje.

Ndio maana naona miradi mingi inakufa kabla haijazaliwa. Anayelipia ni mmoja, anayefaidika ni mwingine, na anayebebeshwa kazi ni wa tatu ambaye hakuulizwa.

Dawa si ngumu. Kwanza, kabla ya kuandika programu, uliza nani atapoteza pesa au muda hii kitu ikifanya kazi vizuri. Ukipata jina lake, kaa naye, mpe sababu ya kuitaka. Pili, kaa steji wiki nzima bila kuuza chochote, uone pesa inavyotembea. Tatu, anza na gari tano, si jiji zima, na ukubali kubadilisha wazo lako watu wakilitumia kivingine. Nne, weka wenye mtaa kwa kazi yenyewe. Map Kibera ya 2009 ilichorwa na vijana wa Kibera wakitembea na GPS, kwa sababu wao ndio walijua choo, kliniki na shule ziko wapi.

Hii nawaambia hasa nyinyi mnaoandika programu kwa laptopu ya kuazima huku Kibera na Kawangware. Mko na kitu ambacho hakiko kwa ofisi za Westlands: mnamjua makanga kwa jina. Msikae mkingojea mfadhili awaambie mtaa wenu unataka nini. Kesho asubuhi shuka steji, mnunulie chai, umuulize.