Mbona Bado Nashangilia Shule Niliyomaliza

Niseme ukweli kabla mnichambue. Nina miaka mitatu chuoni hapa Nairobi na sijawahi kutazama timu yetu ya mpira ikicheza. Uwanja uko karibu na hosteli, nasikia kelele nikifua nguo. Lakini shule za upili zikianza michezo ya muhula wa pili, mimi niko kwa simu nasumbua wasee wa Nyansiongo: ngapi ngapi? Nani amefunga?

Beste yangu, mtoto wa Umoja, anasema huo ni ushamba. Ati shule nilimaliza, niachane nayo.

Hebu tuanzie Marekani, maana huko ndiko watu wanapenda timu za vyuo hadi wanalia. Hata huko, huo wazimu hauko sawa kila mahali. Umezidi kwa majimbo kama Alabama na Nebraska, na hayo mawili hayana hata timu moja ya NFL. Pale Lincoln, Nebraska, tiketi za uwanja wa chuo kikuu zimekuwa zikiisha kila mechi tangu 1962. Wengi wanaokaa mle hawajasoma hapo. Ni vile hakuna timu nyingine kubwa inayobeba jina la kwao.

Sasa rudi Gusii. Sisi timu yetu ni Shabana, klabu ya 1980. Ilishuka kutoka ligi kuu 2006, ikarudi 2023. Miaka 17! Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni ikishuka, na nilimaliza fomu foo kabla irudi. Utoto wangu wote, "Tore Bobe", yaani tuko vibaya, ilikuwa hadithi ya wazee. Baba alikuwa anasimulia Henry Motego kama mtu amemwona jana sokoni. Mimi nilikuwa naitikia tu.

Mpira niliouona kwa macho yangu ulikuwa wa shule. Uwanja wetu hauna ukuta wa maana, umepakana na mashamba ya chai. Siku ya mechi wanaochuma chai walikuwa wanaweka vikapu chini, watu wa boda wanapanga pikipiki kando ya laini, na wamama wanaanza kuimba kabla hata refa afike. Wengi wao hawakuwa na mtoto pale. Lakini wazee wao walichanga kwa harambee ya kujenga madarasa, kwa hivyo shule ni yao na tukifungwa wamefungwa wao. (Mechi ikiangukia Jumamosi, nusu ya kijiji iko kanisani, SDA ni wengi kwetu. Matokeo walikuwa wanapata jua likishatua, na wanayataka kwa undani kuliko sisi tuliocheza.)

Na kuna jambo beste yangu wa Umoja hawezi kujua. Nyansiongo iko karibu na mpaka. Ukishuka kidogo uko Chebilat, ukivuka uko Sotik kwa Wakipsigis. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nyumba zilichomwa huku na kule, watu wakafa. Mimi sikumbuki, lakini mathe anakumbuka, na kuna barabara hadi leo hataki kupita jioni.

Kipa wetu alitoka ng'ambo ile. Tulimwita Kufuli. Mwaka mmoja alipangua penalti mbili, na wale wamama wakaingia uwanjani wakamwimbia kwa Ekegusii, wimbo wa kusifu kijana wa nyumbani. Mathe alikuwa mmoja wao. Kufuli haelewi neno hata moja, anacheka tu, jezi yetu imejaa matope. Hapo ndipo nilijua timu ya shule inaweza kitu ambacho hata Shabana, nikiipenda vile naipenda, inajikaza kufanya. Shabana watu wanasema ni timu ya Wakisii, basi. Timu ya shule ni ya yeyote aliyepewa dawati.

Chuo je? Chuo nililetwa na kompyuta ya KUCCPS. Nitakaa miaka minne, wikendi natoroka, na jirani wa chuo hakijui wala hakimjui. Najua mtaniletea Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Blak Blad ya Kenyatta. Sawa, raga yao ina mashabiki wa kweli. Lakini angalia vizuri ni akina nani: wanafunzi na waliowahi kuwa wanafunzi. Anayeuza mahindi nje ya geti hana habari, na hata angekuwa nayo, askari angemwuliza kitambulisho.

Kwa hivyo vyuo vikilalamika uwanja ni mtupu, visinilaumu mimi wala Ligi ya Uingereza. Vianze na geti. Siku ya mechi lifunguliwe, yule mama aingie na jiko lake, watoto wa mtaa wakalie nyasi, watu wa boda waegeshe kando ya laini. Mwaka wa kwanza watakuja kumi. Sioni shida, hata kwetu kuna siku tulicheza mbele ya ng'ombe.

Kufuli sasa yuko chuo fulani upande wa Bomet. Shabana ikicheza ananitumia ujumbe mapema kuliko ndugu zangu: "Leo tuko vibaya ama?"