Acheni Kuabudu Mwaka wa 1969

Nikikaa na wapiga besi wa Nairobi, dakika kumi haziishi kabla mmoja hajaanza kuhubiri: "SVT ya kweli ni ile ya 1969. Hizi zingine ni feki." Wenzake wanaitikia amina. Wengi wao hawajawahi hata kuigusa. Mimi pia sijawahi, ndiyo maana nauliza: tunaabudu nini hasa?

Ampeg SVT ilitoka Marekani 1969, valvu 14, wati 300, ikisukuma makabati mawili yenye spika nane nane za inchi 10. Mbona kubwa hivyo? Kwa sababu enzi hizo spika za ukumbi zilibeba waimbaji tu, besi ikajitafutia nguvu yake. Rolling Stones walizunguka nayo mwaka huo huo.

Sisi hatuna shida hiyo. Leo, iwe ni klabu Westlands au kanisa Rongai, fundi wa sauti anachomeka waya nyuma ya amplifaya yako na kuupeleka kwenye mikseri. Mara nyingi waya huo unachukua sauti kabla haijafika kwenye zile valvu kubwa za mwisho. Watu wanachezea spika za ukumbi, si zako. Zile valvu ulizokopea hela zinakupasha joto mgongo tu.

Mtaniambia valvu ina utamu wake. Kweli kabisa. Ikisukumwa hadi mwisho, sauti inanenepa na kukwaruza kidogo, na hiyo si rahisi kuiga. Lakini wati 300 utazisukumia wapi? Nitajie klabu itakayokuvumilia wimbo mmoja.

Halafu kuna mgongo. SVT-VR, toleo jipya la mtindo ule wa zamani, kichwa peke yake ni zaidi ya kilo 35. Ile ya kale ya Marekani iliundiwa voliti 120. Stima yetu ni 240, kwa hivyo ongeza transfoma. PF-500 ya kampuni hiyo hiyo ina wati 500 na inaingia kwenye begi ya mgongoni. Wajuaji wanaicheka. Mimi nayo napanda boda, nafika mapema.

Mabishano tu yasingeniuma. Lakini namjua kijana mwenye vidole vya benga safi aliyeuza besi yake ili alipie amplifaya ya valvu. Sasa anaazima besi.

James Jamerson wa Motown alipiga kwa Ampeg B-15, spika moja ya inchi 15. Moja! Hakuna aliyewahi kumwambia sauti yake ni ndogo.

Ukiwa na hela, anza na nyuzi mpya, kisha kabati nzuri ya spika. Kichwa kije mwisho, chochote unachoweza kukibeba mwenyewe saa tisa usiku ukitoka gigi.