Madhabahu Si Hirizi

Yako maneno yanayosemwa sana siku hizi, nayo yastahili kupingwa. Husemwa kwamba sala ya mtu asiye na madhabahu ni sala ya nusu; kwamba kila nyumba yapasa kujengewa yake, ipakwe mafuta na kuwekewa sadaka ya fedha, ili baraka ishuke na adui ashindwe. Msomaji, ikiwa maneno haya ni kweli, basi ole wake Mkristo wa Hadado.

Hadado ni mji mdogo wa wafugaji katika Wajir Magharibi. Wenyeji wake ni Wasomali Waislamu; Mkristo huko aghalabu ni mwalimu, mwuguzi au askari aliyetoka mbali kwa ajili ya kazi. Hana kinara wala kitambaa cheupe cha kutandika. Ana chumba, kitanda na mkeka. Je, sala yake haifiki? Yakobo alipolala safarini alikuwa na jiwe tu chini ya kichwa chake, na asubuhi jiwe lile lile likawa nguzo ya ibada. Sheria ya Musa iliridhia madhabahu ya udongo, na ile ya mawe ikakatazwa kuchongwa kwa chombo; nadhani ni kwa sababu binadamu huanza kwa kulipamba jiwe, akaishia kulisujudia.

Tazama neno lenyewe. Madhabahu ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu yake dhabihu: maana yake ni mahali pa kuchinjia. Mzee wa Hadado achinjaye mnyama wakati wa Idi ya Hija, akawagawia maskini nyama, analijua jambo hili pengine kuliko mhubiri wa mjini mwenye kipaza sauti. Madhabahu ni mahali pa kutoa. Aliyepageuza kuwa mahali pa kupata amefungua duka, na bidhaa yake ni hirizi.

Wengine, kwa kuchukizwa na biashara hiyo, husema mahali si kitu, moyo peke yake watosha. Hao nao sikubaliani nao. Nenda Mkunazini, Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mwaka ule ule Waanglikana wakaanza kujenga kanisa hapo, kazi iliyosimamiwa na Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Yasemekana altare yake ipo pale uliposimama mti wa kuwachapia watumwa, na mduara wa marumaru sakafuni umewekwa kuwa kumbukumbu. Jiwe lile halina nguvu za siri. Walakini ni vigumu mtu kupiga magoti pale akawasahau waliochapwa.

Injili ya Mathayo yaagiza kwamba mtu aliyefika madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye. Kaskazini Mashariki agizo hili si jepesi. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na miongoni mwao walikuwamo wanafunzi waliokuwa wakisali alfajiri katika chumba cha darasa, pasipo altare yo yote. Nani atathubutu kusema kwamba sala yao ilikuwa ya nusu?

Lakini usiishie hapo. Baada ya mashambulio ya 2012, viongozi wa Waislamu walitangaza kwamba vijana wao watayalinda makanisa. Desemba 2015, njiani kuelekea Mandera, abiria Waislamu wa basi moja walikataa kutengwa na wenzao Wakristo mbele ya bunduki. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Na aje sasa huyo auzaye mafuta ya madhabahu, atuambie toleo lile angelitia bei gani.